Mfumo wetu wa SACCOS umejengwa juu ya programu ya GPL. Je, lazima tuutoe bure?

Swali: "Ndugu mtaalamu, mimi na mwenzangu tuko Mwanza, tunatengeneza mfumo wa kuendeshea SACCOS. Hatukuanza sifuri. Tulichukua programu huria ya uhasibu (yaani iliyo wazi kwa watu kuisoma na kuibadilisha) iliyoandikwa kwa Java, yenye leseni ya GPL toleo la 3, tukaiongezea mikopo, hisa, akiba na malipo ya simu. Taarifa za wanachama tunazitoa kwa PDF kupitia maktaba ya iText, yaani kipande cha programu cha watu wengine tulichokiunganisha na mfumo wetu. SACCOS tatu zinautumia mfumo kwa intaneti kutoka kwenye seva yetu na zinatulipa kwa mwezi. Sasa SACCOS moja kubwa ya wafanyakazi inataka tuusimike kwenye seva yao wenyewe. Wakili wao amekuta neno GPL ndani ya mfumo, anauliza ni nini na kama kweli mfumo ni mali yetu. Rafiki yangu anasema leseni hiyo ni kirusi: ukishaigusa, kazi yako yote inakuwa ya umma na huwezi kuuza. Mwingine anasema ni karatasi ya Wamarekani, haina nguvu Tanzania. Je, lazima tuweke msimbo wote, yaani maandishi yenyewe ya programu, mtandaoni? Tuandike upya kila kitu? Au tufute lile faili la leseni tuendelee na kazi?"

Ndugu yangu, nianze na hilo la mwisho kwa sababu ndilo linaloweza kukuumiza kesho asubuhi. Usifute faili la leseni, wala majina ya waandishi wa awali yaliyo juu ya mafaili. Hali yenu ya sasa inarekebishika bila gharama kubwa. Mkifuta, mtakuwa mmeugeuza uzembe kuwa kosa la makusudi, na wakili wa mteja ameshaliona neno lenyewe.

Nikuambie pia kwamba hofu yako nyingi umeielekeza mahali pasipostahili. Kuusimika mfumo kwa mteja mpya ndiyo sehemu nyepesi ya habari hii. Kilichonishtua ni ile sentensi uliyoipita haraka, ya PDF. Nitaifikia, lakini kwanza tuelewane leseni hii inafanyaje kazi.

Chanzo cha yote ni hakimiliki. Mtu akiandika programu, sheria inampa yeye peke yake haki ya kuinakili, kuibadilisha na kuisambaza. Tanzania Bara tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo inazitaja programu za kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa. Zanzibar ina sheria yake. Nchi yetu imo katika Mkataba wa Berne tangu 1994, kwa hiyo kazi ya mwandishi wa Ujerumani inalindwa hapa kama inavyolindwa kazi yako.

Sasa huyo anayesema GPL ni karatasi tu, mwulize: pasipo karatasi hiyo, nani aliwaruhusu kuichukua programu ya watu, kuibadilisha na kuifanyia biashara? Hakuna. Ibara ya 9 ya leseni yenyewe inalieleza hili bila kuzunguka: hulazimiki kuikubali leseni ili kuendesha programu, lakini hakuna kitu kingine kinachokupa ruhusa ya kuibadilisha au kuisambaza. Anayeikataa leseni anabaki kuwa mtu aliyenakili kazi ya mwenzake bila idhini, na hapo sheria ya hakimiliki ya nchi yake ndiyo inayomshika.

Na mahakama zimeshazipa nguvu leseni za namna hii. Mahakama ya Munich ilifanya hivyo mwaka 2004, katika shauri la mwandishi mmoja wa sehemu za Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, dhidi ya muuzaji wa vifaa vya mtandao. Mahakama ya rufaa ya Marekani ilifuata mwaka 2008, katika shauri la programu ya kuendeshea treni za kuchezea, iliyokuwa na leseni nyingine ya programu huria. Lililo karibu zaidi na hali yenu ni la Ufaransa. Kampuni ndogo iitwayo Entr'ouvert ilikuwa na maktaba yake, Lasso, chini ya GPL toleo la 2. Kampuni kubwa ya simu, Orange, iliitumia ndani ya mfumo iliouuza kwa serikali bila kutimiza masharti. Kesi ilifunguliwa mwaka 2011 na ikachukua miaka mingi, lakini Februari 2024 Mahakama ya Rufaa ya Paris iliamua kwamba Orange ilikiuka hakimiliki, ikaiamuru ilipe euro 500,000 kwa mapato ambayo Entr'ouvert iliyakosa, euro 150,000 kwa faida iliyoipata yenyewe, na nyingine 150,000 kwa madhara yasiyo ya fedha. Kumbuka kwamba aliyeshinda hapo ni mdogo. Leseni hii inawalinda watu kama ninyi, na nitakuonyesha namna gani.

Sharti la GPL ni hili: chukua programu, itumie upendavyo, ibadilishe, iuze ukitaka, lakini ukimpa mtu nakala, mpe pamoja na haki zilezile ulizopewa wewe, na mpe msimbo wa chanzo ili aweze kuzitumia haki hizo. Watu wa programu huria wanaliita sharti hilo kopilefti. Haki zinasafiri na nakala. Ndiyo maana kila unapokwama kwenye jambo la GPL, swali la kujiuliza ni moja: nani amepokea nakala?

Ukishika swali hilo, sehemu kubwa ya vitisho ulivyoambiwa inaisha. Je, lazima muweke msimbo mtandaoni watu wote wauone? Hapana. Mnawajibika kwa aliyepokea nakala. SACCOS kubwa ikipewa mfumo, ipewe na msimbo wake. Jirani asiyepokea chochote hana anachoweza kuwadai kwa msingi huo. Je, hamruhusiwi kuuza? Ibara ya 4 inasema unaweza kutoza bei yoyote, au usitoze kabisa, kwa kila nakala unayotoa. Richard Stallman mwenyewe, mwasisi wa mradi wa GNU ulioizaa leseni hii, alikuwa akiuza kanda za programu ya Emacs kwa dola 150 mwaka 1985.

Je, kazi yenu inageuka mali ya umma? Hapana tena. Hakimiliki ya moduli ya mikopo mliyoiandika inabaki yenu. Leseni haina uwezo wa kuinyakua. Inachofanya ni kuwaambia kwamba, kwa kuwa mmeichanganya na kazi ya wengine na mnataka kuitoa kwa watu, mnapaswa kuitoa kwa masharti yale yale. Msipotaka, mnaweza kuiondoa kazi ya wengine, au kuomba ruhusa tofauti kwa wenye nayo. Mkiendelea bila kufanya lolote kati ya hayo, mnakuwa wakiukaji wa hakimiliki, na mahakama inaweza kuwazuia na kuwatoza fidia. Hayo ni mazito ya kutosha. Hakuna haja ya kuyaongezea hadithi ya kirusi.

Lakini sitakuficha mahali ambapo biashara inabanwa kweli. SACCOS kubwa ikishapata msimbo, hamwezi kuizuia isimpe fundi mwingine auendeleze, wala isiugawe kwa SACCOS rafiki. Inaweza hata kuuza nakala. Kama mpango wenu mzima ulikuwa kutoza kila SACCOS ada ya leseni kwa sababu hakuna pengine pa kuupata mfumo, mpango huo hausimami juu ya GPL, na ni heri mjue leo kuliko baada ya kusaini.

Sasa tuje kwenye PDF.

Kwa GPL ya kawaida, SACCOS zenu tatu hazijapokea nakala ya mfumo. Zinautumia kutoka mbali, na leseni inasema wazi kwamba kuwasiliana na programu kwa mtandao, pasipo nakala kuhamishwa, si kusambaza. Kuna tahadhari ndogo hapa: msimbo wa JavaScript unaoshuka kwenye kivinjari cha mhasibu ni nakala iliyotoka kwenu. Ikiwa sehemu hiyo nayo ilitokana na programu ya GPL, mhasibu anastahili chanzo chake kinachosomeka, na si ule mstari mmoja mrefu uliobanwa majina na nafasi zote. Lakini sehemu ya seva ingebaki kwenu.

Waandishi wengi waliliona hilo kuwa pengo. Mtu anaichukua kazi yao, anaiboresha, anaiweka kwenye seva, anatoza maelfu ya watu, na hakuna anayepata msimbo kwa kuwa "hakuna nakala iliyotoka". Novemba 2007, miezi michache baada ya GPL toleo la 3, ikatolewa AGPL toleo la 3. Inafanana na GPL karibu neno kwa neno, isipokuwa ibara ya 13: ukiibadilisha programu na watu wakaitumia kupitia mtandao, watumiaji hao wapewe nafasi iliyo wazi ya kupata msimbo.

Maktaba ya iText imekuwa chini ya AGPL tangu toleo la 5, lililotoka mwaka 2009. Na GPL yenu, nayo katika ibara yake ya 13, inaruhusu kuchanganywa na AGPL, lakini inaongeza kwamba sharti la mtandao litauhusu mchanganyiko kwa ujumla wake. Wapo wanasheria wanaobishana kama kuitumia maktaba bila kubadilisha hata mstari wake mmoja kunaliamsha sharti hilo. Wenye iText wanasema linaamka, na mimi nisingeiweka biashara yangu rehani kwa kutegemea ubishi huo. Kwa tafsiri iliyo salama, watumiaji wa zile SACCOS tatu wanastahili kupewa msimbo wa mfumo mzima, na wamestahili tangu siku mlipouwasha. Mmekuwa mkiuogopa mlango ambao hamjaufungua, na huku mwingine uko wazi muda wote.

Kabla ya kuhangaika, fungua faili la pom.xml, lenye orodha ya maktaba ambazo mfumo unazitumia, uangalie. Ukikuta com.lowagie na namba 2.1.7, hilo ni toleo la zamani, la kabla ya AGPL. Kisheria mko salama zaidi, ingawa ni programu iliyoachwa bila matengenezo na sipendi kuiona karibu na fedha za watu. Ukikuta com.itextpdf, ni toleo la 5 au la baadaye, na yote niliyosema yanawahusu.

Mna njia kadhaa za kutoka. Ya kwanza ni kutii: mnaweka kiungo ndani ya mfumo, mahali mtumiaji anapokiona, kinachompa msimbo wa toleo lile lile analotumia. Ya pili ni kuiondoa iText. OpenPDF ilichipuka kutoka matoleo ya zamani ya iText na leseni zake ni LGPL na MPL, ambazo masharti yake ni mepesi kuliko ya AGPL. Apache PDFBox ina leseni ya Apache 2.0. Zote zinaweza kukaa pamoja na GPL toleo la 3. Kwa taarifa za wanachama zenye jedwali na nembo, kuhamia OpenPDF ni kazi ya kawaida, kwa sababu mpangilio wake wa ndani unafanana na mliouzoea.

Njia ya tatu watu wengi huiona ndiyo ya heshima: kununua leseni ya kibiashara ya iText. Kwenu ni mtego. Leseni ya kulipia inakuondolea AGPL, lakini haiigusi GPL ya ile programu ya uhasibu mliyoanza nayo. Siku mtakapomkabidhi mteja nakala, GPL itataka mfumo mzima utolewe kwa masharti yake, na maktaba mliyoinunua hamna ruhusa ya kuitoa hivyo. Mtakuwa mmelipa fedha nzuri ili mjikute kati ya leseni mbili zisizopatana. Ingefaa tu kama mfumo usingetoka kamwe kwenye seva yenu.

Kuandika upya kila kitu kunawezekana, ila msijidanganye. Ninyi wawili mmeishi ndani ya msimbo ule. Mkiuandika upya huku dirisha la zamani liko wazi pembeni, mnachokitoa bado ni kazi iliyotokana na ile ya kwanza. Uandishi mpya wa kweli unahitaji watu wengine, maelezo ya kazi yasiyo na msimbo, na muda ambao mteja wenu hatausubiri. Kuwaomba waandishi wa awali leseni nyingine kunafaa ikiwa programu ina mmiliki mmoja. Ikiwa wamechangia watu wengi, kila mmoja ana haki juu ya kipande chake, na mtachoka kuwatafuta.

Kama ningekuwa mahali penu, ningeiondoa iText, ningeikubali GPL waziwazi, na ningeisimikia SACCOS kubwa mfumo pamoja na msimbo. Nina sababu. SACCOS hainunui mafaili. Inanunua mtu atakayepokea simu mwisho wa mwezi hesabu za riba zinapogoma, atakayehamisha daftari za miaka kumi bila kupoteza hisa ya mwanachama, na atakayewafundisha makarani wapya. Hayo yote mnayatoza, na leseni haiyagusi. Jina na nembo ya mfumo wenu vilevile vinabaki vyenu.

Tena kopilefti inawafunga washindani wenu kama inavyowafunga ninyi. Kampuni yenye mtaji ikiichukua moduli yenu ya mikopo na kuiuza, wateja wake nao wanastahili msimbo, pamoja na yale maboresho yake. Haiwezi kuufungia jasho lenu ndani ya kabati lake kisha iwashinde sokoni kwa kazi yenu wenyewe. Mwaka 2003 ilibainika kwamba ruta (kifaa cha kugawa intaneti) ya Linksys WRT54G ilikuwa na Linux ndani yake. Kwa sababu ya GPL msimbo ukatolewa, na kutokana nao ukaota mradi wa OpenWrt, programu huria ya ruta, ambao hadi leo unaendesha ruta za kila aina duniani. Napenda sana watengenezaji wetu wawe upande huu wa meza, wenye kutoa na kupokea, kuliko kuogopa.

Kuhusu mkataba wenu: nina hakika kuna kifungu kinachofanana na hiki, "Mteja haruhusiwi kunakili, kubadilisha wala kumpa mtu mwingine programu hii." Kitoe. Kinapingana na ibara ya 10 ya GPL, inayokataza kumwekea mpokeaji vizuizi vya ziada. Kitoe pia kile kinachosema "haki zote za mfumo ni mali ya muuzaji", kwa sababu si kweli. Andikeni kwamba mfumo unatolewa chini ya GPL toleo la 3 pamoja na msimbo wake, na kwamba ada ni ya usimikaji, uhamishaji wa taarifa, mafunzo na matengenezo.

Mnapoandaa kifurushi cha msimbo, kiwe kamili: mafaili yote ya chanzo, maelekezo ya kuujenga mfumo, maandishi ya leseni, majina ya waandishi wa awali, na tangazo kwamba mmeubadilisha na tarehe. Kipimo changu ni chepesi. Mpe kifurushi fundi asiyewahi kuuona mfumo, kwenye kompyuta tupu. Akishindwa kuujenga, hamjakabidhi. Kisha geukeni upande wa pili, mhakikishe hamjatoa zaidi ya mnachodaiwa. Taarifa za wanachama, nywila na funguo za kuunganisha na kampuni za simu si sehemu ya programu, na leseni haizidai. Tatizo ni kwamba mara nyingi zinalala ndani ya historia ya Git, chombo kinachotunza kila toleo la msimbo: faili la majaribio la mwaka juzi lenye majina, namba za simu na salio za wanachama halisi. Kulitoa hilo kunaweza kuwaingiza kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ambayo ni kesi nyingine kabisa. Badilisheni funguo zote kabla ya kukabidhi, hata zile mnazodhani mmezifuta.

Kipande cha malipo ya simu kinahitaji jicho la peke yake. Kikiwa ni programu inayojitegemea, inayowasiliana na mfumo kwa ujumbe wa mtandao na inayoweza kutumika hata na mfumo mwingine, kuna hoja nzuri kwamba ni kazi tofauti na GPL haikihusu. Kikiwa kimeshonwa ndani, kinaita kazi za mfumo moja kwa moja na kugawana nao kumbukumbu, ni mwili mmoja. Katikati kuna ukungu, na kukikata vipande kwa ajili ya kukwepa leseni peke yake ni hoja dhaifu mbele ya hakimu.

Na yaliyopita je? Hapa leseni imewaonea huruma. Ibara ya 8, ya GPL na ya AGPL, inasema mkiukaji hupoteza haki zake, lakini akiacha kukiuka zinarudi kwa muda, na zinarudi moja kwa moja ikiwa mwenye hakimiliki hakumpa notisi ndani ya siku 60 tangu alipoacha. Hata notisi ikija, kama ndiyo ya kwanza kutoka kwa mwenye haki huyo, ukirekebisha ndani ya siku 30 baada ya kuipokea, haki zinarudi kikamilifu. Kwa hiyo rekebisheni sasa, mkiwa hamjapokea barua ya mtu. Zile SACCOS tatu waandikieni kwamba wanaweza kupata msimbo wa toleo walilolitumia. Huenda hakuna atakayeuomba, ila mtakuwa mmetimiza.

Wakili wa SACCOS kubwa mjibuni kwa maandishi, kwa kifupi: mfumo umejengwa juu ya programu huria, itajeni jina na leseni yake; nyongeza zenu ni hakimiliki yenu na zinatolewa chini ya leseni hiyo hiyo; mteja atapokea msimbo kamili, kwa hiyo hata ninyi mkifunga ofisi, SACCOS haitakwama. Kwa chama kinachotunza akiba za wafanyakazi hiyo ni faida, na wakili makini ataiona.

Haya ninayokupa ni maelezo ya jumla kutokana na ulichoniandikia. Mkataba wenu sijausoma. Nendeni kwa wakili wa miliki bunifu kabla ya kujibu chochote ikiwa mmeshapokea barua kutoka kwa wenye iText au waandishi wa programu ya uhasibu. Ikiwa mteja anataka mmhakikishie kwamba mtamlipia hasara yoyote akishtakiwa. Au ikiwa kuna mtu wa tatu aliyeandika sehemu ya msimbo, kama mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo au fundi wa kukodi, na hamkuandikiana naye. Mpelekeeni orodha ya kila maktaba iliyomo ndani ya mfumo, toleo lake na leseni yake, pamoja na mkataba wa sasa na barua zote za mteja. Orodha hiyo iandaeni wenyewe kabla ya miadi, kwa kuwa wakili hawezi kuisoma pom.xml kwa niaba yenu.